Mita Kumi

Kazi yangu ni kushika sifuri.
Bwana Mushagalusha hushika upande wa namba,
yeye husoma, yeye huandika.
Mimi huchuchumaa topeni, pale maji yanapoishia,
kidole gumba juu ya kile kipande cha chuma,
nikapaza sauti: "Sifuri!"
Naye, kutoka ukutani, hunijibu kwa idadi.

Hapa Nyamugo, chini ya ngazi za udongo,
unapita mfereji ambao ramani ya kadasta huuita Namba Saba.
Sisi tunauita Msemaovyo,
maana mvua ikinyesha haulali
wala haumwachi mtu alale.

Sheria yake ni fupi, naijua kwa moyo:
mwenye kujenga kando ya maji
ataacha mita kumi toka ukingo hadi msingi;
hatatupa kifusi ndani ya mkondo;
hatauziba, hatauchepusha, hata kwa siku moja,
ila kwa ruhusa iliyoandikwa.
Tamu kama sala. Ina mhuri wa duara, wa buluu.

Juni tulipima: sita na nusu.
Mwenye jengo, aliyekuwa akitaka ghorofa nne,
alituletea viti na soda ya baridi,
akauliza ukingo hasa ni upi,
wa maji ya kiangazi au wa maji ya Novemba?
Bwana Mushagalusha aliliandika swali pembeni, kwa penseli.
Ningeulizwa mimi (sikuulizwa)
ningemwonyesha ukuta wa jikoni kwa Cibalonza, ng'ambo,
mstari wa kahawia, usawa wa kitovu changu,
aliokataza usipakwe chokaa
ili wageni wasibishe.

Tukapiga msalaba mwekundu. Kazi ikasimama.
Simenti ikagandia magunia.
Kibarua mmoja, Ntakwinja, alikuja nyumbani kwangu usiku
kuniuliza msalaba unalisha watoto wangapi.
Sikuwa na jibu. Nilimpa chai.

Agosti tukarudi.
Nikachuchumaa penye maji. "Sifuri!"
Kutoka ukutani: "Kumi."
Kisha kimya.
"Rudia."
Nikarudia.
"Kumi kamili."

Ukuta haukuwa umesogea hata upana wa ukucha,
na msalaba wetu ulikuwa bado juu yake, umepauka kidogo.
Nikaitazama miguu yangu.
Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya lengalenga za Cibalonza,
matuta mawili yameshaliwa, la tatu linamung'unywa,
maji yanapita vidoleni mwangu kwa haya,
kama mgeni aliyeonyeshwa chumba kisicho chake.
Na nyuma, pale Msemaovyo alipokuwa akisema,
magunia ya mchanga yamepangwa kama meno ya bandia,
changarawe imeshindiliwa,
mtu ameanika shati.

Aliyekatazwa kuyasogelea maji
ameyasogeza maji.

Cibalonza alikuwa mlangoni, kitenge kifuani.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Na mimi, nihame mita ngapi?"

Bwana Mushagalusha alivua miwani, akaifuta, akaivaa.
Kumi ni kumi, alisema.
Karatasi ina kisanduku kimoja.
Hakumtazama yeyote alipokuwa akisema.

Miaka tisa nimeshika ule utepe
na neno langu limekuwa moja.
Siku ile nikaongeza mengine:
"Soma chini kidogo, bwana. Pale penye *hatauchepusha*."

Juu ya Kadutu wingu lilikuwa limeanza kuweka mzigo,
la kwanza tangu Mei.

Nikatoka majini na sifuri yangu mkononi.
Nikapanda magunia, nikashuka upande wa pili,
nikachuchumaa pakavu,
juu ya kokoto ambazo zilikuwa bado na ukoga.
"Sifuri," nikasema, bila kupaza.

Hakujibu.
Utepe ulilala kati yetu, umelegea,
tumbo lake juu ya changarawe.
Mwenye jengo akaagiza soda.
Halafu, polepole,
nikahisi upande ule
ukivutwa.